Kesi ya Kuzuia Tope la Serikali

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa bila kibali, na kwa kuwa ofisi ya vibali hufungwa siku zote za kazi, hapa tutaiita Nchi tu. Wananchi wake walikuwa watulivu sana. Wakiambiwa mvua imenyesha, walifungua miavuli. Wakiambiwa haijanyesha, waliifunga, wakalowa kwa utiifu.

Katika wilaya moja ya milimani ya Nchi hiyo ulipita mto Mseru, na kando ya mto huo aliishi Nankondo, mjane wa miaka hamsini na minne, msusi wa migono. Mgono ni mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, mdomo mpana, koo jembamba, samaki akishaingia hapati pa kutokea. Vidole vya Nankondo vilikuwa vigumu na vimepinda kama tangawizi, lakini fundo alilolifunga yeye lilikatwa kwa kisu, halikufunguliwa kwa mkono.

Samaki waliotegwa Mseru walikuwa ningu. Ningu huishi ziwani, ila kila masika huacha raha za ziwani wakapanda mto siku nyingi, wakiruka mawe na kupigana na maji, mpaka wafike kwenye kokoto safi za juu. Humo hutaga mayai, kisha hurudi zao. Kijiji cha Mseru Juu kilikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: ningu anayepanda haguswi. Akirudi, amekwisha kutaga, hapo ndipo Nankondo na wenzake walipotega, wakabanika na kukausha, wakala mpaka masika mengine.

Ikatokea kwamba Mheshimiwa Burhani Tandawala, Waziri wa Milima, Mito na Mandhari, alitamani nyumba ya mapumziko juu ya Mlima Ngoso. Sababu zake zilikuwa za kizalendo. Alitaka akiwa kwenye baraza lake awaone wananchi wote kwa mara moja. Barabara ikachongwa ubavuni mwa mlima, na miti ikaangushwa ili isimzibie Waziri wananchi wake.

Masika yalipofika, ubavu wa mlima ukaachia. Ulishuka saa nne asubuhi, ukapita na mashamba manne ya viazi, mbuzi kumi na mmoja na nusu ya barabara, ukajimwaga mtoni. Ngurumo yake ilisikika mpaka wilaya ya jirani. Saa saba mchana redio ya taifa ikatangaza kwa sauti ya furaha:

"Leo asubuhi Mlima Ngoso umewasogelea wananchi."

*

Mwaka ule ningu hawakuja. Mwaka wa pili wakaja wachache, wakazungukazunguka, wakageuka. Nankondo aliingia mtoni mpaka magotini akainua jiwe. Zamani chini ya jiwe palikuwa na kokoto zenye mianya, maji yakipita katikati yake kama upepo unavyopita kwenye ukuta wa fito. Sasa palikuwa na tope laini, zito kama uji wa mgonjwa, limeziba kila mwanya. Ndani ya tope hilo akaona mayai, meupe, yamekufa. Aliyachukua kiganjani akayatazama kwa muda mrefu. Alikuwa na watoto wawili wakubwa waliohamia mbali, mume kaburini, na kazi moja tu aliyoijua. Akayarudisha majini polepole.

Akajaza chupa maji ya mto akaenda wilayani kwa Bwana Chambulila, Afisa Maji.

Bwana Chambulila alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye mihuri saba juu ya meza na hofu moja moyoni, nayo ni kwamba siku moja angetakiwa kuamua jambo. Aliyamimina maji ya chupa kwenye glasi, akaiweka katikati ya meza.

"Sasa tusubiri," akasema.

"Tusubiri nini, Bwana Afisa?"

"Usiitikise meza, Mama. Ukiitikisa unaingiza siasa."

Wakakaa nusu saa wakiitazama glasi. Tope likashuka taratibu, likatulia chini, juu yakabaki maji maangavu. Bwana Chambulila akaweka kidole kwenye mstari.

"Unaona? Kuanzia hapa kwenda juu ni maji. Maji ni yangu, na ni safi kabisa, nikupongeze. Kuanzia hapa kwenda chini ni ardhi. Nenda chumba cha pili."

Nankondo akaibeba glasi mpaka chumba cha pili. Afisa Ardhi alichovya kidole, akakitoa, akakifuta kwa leso.

"Ardhi hii imelowa," alisema. "Ardhi ikilowa hatunayo tena. Inahamia kwa mwenzangu."

"Na kule mtoni ambako vimechanganyika?"

"Aa, hilo ni suala mtambuka. Litaundiwa kamati."

"Mimi sitaki kamati, baba. Nataka kujua nani atalisimamisha hili tope."

Afisa Ardhi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua choo kiko wapi. "Mama yangu," alisema, "tope halisimamishwi. Tope linaratibiwa."

Nankondo aliyanywa maji yale ya juu, maana jua lilikuwa kali na yalikuwa yamethibitishwa. Tope la chini akaliacha juu ya faili.

*

Manung'uniko yalipozidi, Waziri aliamua kuzungumza na wahusika wenyewe. Wahusika walikuwa ningu.

Shughuli ilifanyika mto Mseru unapoingia ziwani. Palijengwa jukwaa la zulia jekundu, bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa beti zote tisa, na vipaza sauti vinne vikateremshwa majini kwa kamba. Watu wa Mseru Juu waliletwa kwa malori ili washuhudie. Mheshimiwa Tandawala akasimama, akakohoa, na viputo vikatoka ziwani.

"Ndugu zangu ningu!" akaanza. "Serikali yenu inawapenda. Serikali yenu imewawekea mto, tena kwa gharama zake yenyewe. Lakini inasikitisha kuona mwaka wa pili sasa hampandi. Kuna wachache kati yenu, nasema wachache, wanaotumiwa na maziwa ya jirani, wanaoeneza uvumi kwamba huko juu kuna tope. Hakuna tope! Kuna udongo wenye ari! Natoa masika moja. Ningu mzalendo atapanda. Asiyepanda, tutajua anakula kwa nani."

Akanyamaza kungoja jibu. Ningu hawakusema neno, jambo ambalo Katibu wake aliliandika kuwa wamekubali kwa kauli moja. Makofi yakalipuka.

Nankondo hakupiga makofi. Pembeni yake alisimama Kundaeli, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mnene wa maneno machache aliyekuwa dereva wa greda wa wilaya nzima. Akamgusa kiwiko.

"Piga makofi, shemeji. Tunatazamwa."

"Mikono yangu inauma."

"Piga hata mawili."

Nankondo akamgeukia. "Kundaeli, ile barabara ya mlimani aliichonga nani?"

Kundaeli aliacha kupiga makofi. Uso wake mkubwa ulikunjamana kama wa mtoto aliyekaripiwa. "Nilimwambia injinia tunachonga wima mno," alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia huu mlima unakaa juu ya udongo tu, miti ndiyo inayoushika. Akasema kazi yangu ni kushika usukani. Nikaushika, shemeji. Tangu siku ile sijalala vizuri."

"Sikukuuliza ulivyolala," alisema Nankondo. "Kesho njoo na panga."

*

Kidonda cha mlima kilikuwa na makorongo sita. Kila mvua iliponyesha, hata ya manyunyu, makorongo hayo yaliteremsha udongo mpya mtoni. Nankondo alipanda mpaka juu, akakaa kwenye jiwe, akayatazama asubuhi nzima. Kundaeli alinoa panga mara tatu kwa kukosa la kufanya.

"Mgono unafanya nini?" Nankondo aliuliza hatimaye.

"Unakamata samaki."

"Unakamata samaki, maji unayaacha yapite. Sasa mimi nataka mgono wa kukamata tope."

Wakaanza na korongo la kwanza. Walikata vigingi vya masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, kwa kuwa sale hata ukilipigilia kichwa chini litachipua. Wakavipigilia kwa nyundo kukata korongo kutoka ukingo hadi ukingo, wakasuka fito katikati yake, wakashindilia nyasi nyuma. Ilikuwa kazi ya siku nne. Siku ya tano mvua ikanyesha ikaubeba uzio wote, vigingi, fito na kofia ya Kundaeli.

Kundaeli alikaa chini kwenye matope akataka kulia. "Mlima umetukataa, shemeji."

Nankondo alikuwa amepiga magoti pale uzio ulipokatikia, akipapasa kama anavyopapasa mgono uliotoboka. "Nimeusuka sawasawa pande zote," alisema. "Kosa langu. Maji yanataka koo. Katikati tuushushe chini, yapate pa kupita, pembeni tuunyanyue. Inuka."

Uzio wa pili ulikaa. Nyuma yake tope likatuama, likawa kama ngazi pana, na juu ya ngazi hiyo wakapanda mabingobingo, nyasi ndefu zenye mizizi ya kushika udongo. Siku ya kumi akaja jirani mmoja kuwacheka, akaondoka amechafuka mpaka kiunoni kwa kusaidia. Wiki ya tatu walikuwa wanawake ishirini na watatu na wanaume tisa, na Nankondo akipita nyuma yao kukagua mafundo, akikata kwa kisu lililolegea bila kuuliza ni la nani. Mpaka vuli inaanza, makorongo matatu yalikuwa na nyuzio, mmoja juu ya mwingine kama safu za vifungo, na maji ya Mseru yaliyokuwa na rangi ya uji yakawa na rangi ya chai ya rangi.

Nankondo aliingia mtoni akainua jiwe. Kati ya kokoto paliingia ncha ya kidole.

*

Laiti angekuwa amekamata samaki, asingepata shida. Lakini alikuwa amekamata tope, na tope, bila yeye kujua, lilikuwa limepata cheo.

Ile kamati ilikuwa imekutana. Kwa kushindwa kuliondoa tope, ililiandika upya. Katika ripoti iliyopelekwa kwa wahisani wa ng'ambo, maporomoko ya Ngoso yalikuwa sasa Mradi wa Taifa wa Kurutubisha Ziwa kwa Udongo wa Milimani, na wahisani walisifu sana kasi ya utekelezaji. Ghafla kasi ikashuka. Wakauliza kulikoni. Askari wakatumwa mlimani, wakarudi na Nankondo.

Shtaka lilisomwa hivi: Kwamba wewe, Nankondo, msusi, kwa makusudi na kwa kutumia fito, ulizuia tope la serikali kufika linakokwenda, kinyume cha kanuni ambayo itatungwa.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutosomea.

"Unakubali au unakana?"

"Nakubali, Mheshimiwa. Nimelizuia."

Hakimu alishtuka. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kusikia mtu akikubali kwa sauti kubwa hivyo. "Ulikuwa na kibali cha kuzuia tope?"

"Tope lilikuwa na kibali cha kushuka?"

Watu wakacheka mpaka madirisha yakatikisika. Hakimu aliamuru iandikwe kwamba kicheko hakikusikika.

"Mama," alisema, akijaribu upole, "huoni kwamba unashindana na serikali?"

"Nashindana na udongo, Mheshimiwa. Kama serikali iko ndani yake, itoke pembeni nifanye kazi."

Hukumu ikatoka siku hiyohiyo. Nankondo alipewa siku saba azing'oe nyuzio zote kwa mkono wake mwenyewe, au aende gerezani miezi mitatu.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani Kundaeli alimuuliza wataanza kung'olea wapi.

"Korongo la nne halina uzio," alisema Nankondo. "Siku saba zinatosha kama watu wakija mapema."

*

Siku ya saba Bwana Chambulila alipanda mlimani na askari sita, wakiongozwa na koplo mmoja aitwaye Zilipa, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea mizigo. Walikuta nyuzio zimeongezeka. Nankondo alikuwa akisuka. Hakuinuka.

"Mama, hukumu ilisema ung'oe," alisema Bwana Chambulila, akihema.

"Nilisikia."

"Na hujang'oa."

"Sijang'oa, na sing'oi. Ng'oeni nyie."

Askari wakashika kigingi cha kwanza. Wakavuta. Masale yalikuwa yameshatia mizizi, yamechipua majani mabichi juu, na chini yameushika mlima kama jino la gego. Wanne wakavuta pamoja, kigingi kikatoka, na nyuma yake tope likapata tundu. Likatoka kwa kishindo, likawapiga magotini, likamvua askari mmoja kiatu, likateremka nacho mtoni. Wote wakakitazama kiatu kikizunguka, kikizama.

Koplo Zilipa alijifuta tope usoni. "Bwana Afisa," alimwambia Chambulila, "hizi zote zikitoka, hili tope linakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Na mto unakwenda wapi?"

"Ziwani. Unajua."

"Najua, maana mama yangu anaishi hapo mto unapoingilia. Mwaka juzi alikuwa anauza samaki. Mwaka huu anauza pumba." Akageuka, akakichukua kile kigingi, akakirudisha kwenye tundu lake, akakikanyaga kwa kiatu cha serikali. Askari wengine wakatazamana. Hakuna aliyeshika kigingi kingine.

Bwana Chambulila alikaa kwenye jiwe jasho likimtoka. Siku aliyoiogopa maisha yake yote ilikuwa imefika. Alikaa hivyo mpaka jua likapita utosini. Kisha akafungua faili, akaandika kwa mwandiko mzuri: Nyuzio zote zimeng'olewa. Akagonga mihuri yote saba, akainuka, akateremka mlima bila kuaga. Na kwa kuwa hukumu ilikuwa imetekelezwa kwenye karatasi, hata lile gereza halikumdai Nankondo.

Sasa, katika Nchi ile, jambo likishaandikwa limekwisha kuwa. Waziri aliisoma ripoti hiyo Bungeni kwa fahari. Tangu hapo nyuzio hazikuwepo, na kisichokuwepo hakuna mtu, hata jeshi zima, anayeweza kukibomoa. Nankondo na wenzake wakasuka mwaka mzima kwa amani kamili, wakamaliza korongo la tano.

*

Masika yakaja. Asubuhi moja, ukungu ukiwa haujainuka, Nankondo alikuwa akichota maji aliposikia mlio aliokuwa ameanza kuusahau: kofi juu ya maji, halafu kofi lingine, halafu mengi. Akaacha ndoo. Mbele yake, kwenye maji ya kina cha kiganja, ningu walikuwa wanapanda migongo nje, wakisukumana, wamejikwaruza, hawana muda na mtu. Walifika kwenye kokoto wakaanza kuzichimbua kwa mikia. Nankondo alikaa ukingoni, akaweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Watu walipokuja mbio na migono, aliwazuia. "Mwaka huu hata wakirudi hatutegi. Waende wakaite wengine." Walinung'unika, njaa ilikuwepo, lakini waliirudisha migono darini.

Habari zikafika kwa Waziri, naye hakushangaa. Aliwapa ningu masika moja, wakachelewa kidogo, wamepanda. Sherehe ya Utii wa Samaki ikaandaliwa palepale Mseru Juu, redio ikirusha moja kwa moja. Mheshimiwa Tandawala alizungumza saa mbili na nusu. Alisema hotuba yake sasa itasomwa hata kwa kambale. Kisha akaonyesha kwa fimbo mlima wa pili, Ngoso Mdogo, uliosimama mzima upande wa pili wa mto na misitu yake.

"Wapo waliosema barabara inaleta tope, na tope linafukuza samaki. Samaki hao hapo! Kwa hiyo barabara haina kosa! Wiki ijayo greda litapanda Ngoso Mdogo, tujenge hoteli ya ghorofa tano, wageni wawaone ningu wakitii!"

Makofi. Halafu mpiga mbiu akamwita mwakilishi wa wananchi asome Shukrani. Mwakilishi aliyechaguliwa, bila kuulizwa, alikuwa Nankondo, kwa sababu faili lake lilisema amerekebika.

Bwana Chambulila alimkabidhi karatasi. "Mama, nakusihi," alinong'ona. "Soma tu. Ukinyamaza, nyuzio zako hazipo, na hazitaguswa milele. Ukisema zipo, watazibomoa, na mimi nitakwisha."

"Na ule mlima je?"

Chambulila aliutazama Ngoso Mdogo.

Nankondo aliifikiria miaka miwili ya kazi yake, vidole vyake, mabingobingo yaliyofika kifuani. Aliwafikiria ningu waliokuwa wakitaga hatua mia mbili kutoka jukwaani. Alijua fika kwamba Chambulila anasema kweli. Akapanda jukwaani, akaikunja karatasi, akaiweka chini ya kipaza sauti.

"Mimi naitwa Nankondo," alisema. "Samaki hawa hawakusikia hotuba. Samaki wanataka kokoto safi. Kokoto zimesafika kwa sababu tope tumelizuia kule juu kwa nyuzio, na nyuzio zipo. Hazikung'olewa hata moja. Mimi nimekataa kuzing'oa na bado nakataa. Ule mlima mwingine ukichongwa, utashuka kama huu, na safari hii chini yake kuna nyumba sitini. Korongo la sita bado halijazibwa. Anayenisikia aje kesho na pan..."

Redio ikakatika, ukapigwa wimbo wa kusifu mavuno. Lakini pale uwanjani watu walikuwa wamesikia lote. Makofi yakaanza, si ya kuamriwa, hayakulingana, mengine mapema, mengine kwa kuchelewa, na hayakuisha mpaka Nankondo alipopakiwa kwenye gari la polisi. Kundaeli alikuwa akipiga kwa mikono yake mikubwa, akilia wazi mbele ya watu.

*

Nankondo alifungwa miezi mitatu kwa kosa la kusoma Shukrani vibaya.

Huku nje serikali ilipata taabu. Ili kuzibomoa nyuzio, ilibidi kwanza zikubaliwe kuwa zipo, na zikiwepo, Waziri alilidanganya Bunge. Ikaundwa tume ya kuchunguza kama zipo. Tume ilianza kazi kwa kukataa kwenda kuziona, isije ikaathiri uchunguzi. Bwana Chambulila alihamishiwa wilaya isiyo na mto hata mmoja, na wanaomjua wanasema amenenepa.

Greda lilifika Ngoso Mdogo siku iliyopangwa. Kundaeli aliitwa. Alilizunguka, akapangusa kioo cha mbele kwa mapenzi, akaweka ufunguo juu ya kiti. "Mashine nzima," alisema. "Dereva ndiye mbovu." Wakamfukuza kazi hapohapo. Dereva aliyeletwa kutoka mbali alikuta watu mia mbili wamejipanga kwenye mstari wa barabara uliochorwa kwa chokaa, wanapigilia masale. Akazima injini. Akaomba apewe karatasi tu, moja, yenye sahihi ya ofisa yeyote, inayosema mlima hautaanguka. Karatasi ilizunguka ofisi zote za wilaya, ikapanda mkoani, ikafika wizarani. Kila mtu aliisifia uandishi wake. Hakuna aliyetia sahihi.

Nankondo alipomaliza kifungo, mkuu wa gereza alimpa fomu: Mimi niliyetajwa hapo juu ninaahidi kutozuia tope tena.

"Tia sahihi hapa, Mama, uende."

"Siahidi."

"Usipotia sahihi siwezi kukutoa."

"Basi nitakaa."

"Na kifungo chako kimekwisha, siwezi kukuweka!"

"Hayo ni yako, mwanangu."

Alikaa kwenye benchi la ofisi siku mbili mchana kutwa, hafungwi wala hafunguliwi, akimsukia mkuu wa gereza kapu la nyaraka maana zilikuwa zimezagaa. Siku ya tatu mkuu wa gereza alimtazama, akaitazama fomu, akaichana, akamfungulia lango kwa mkono wake.

Alifika Mseru Juu mchana, mawingu ya vuli yakijikusanya. Hakupita nyumbani. Alipanda moja kwa moja mpaka korongo la sita, na huko akakuta uzio, ukingo hadi ukingo, watu thelathini wameuzunguka, wamesimama wakimngoja wamejaa fahari mpaka masikioni. Koplo Zilipa alikuwemo, siku yake ya mapumziko, bila sare. Kundaeli alikuwa amevaa kofia mpya.

Nankondo aliinama akashika fundo la kwanza. Likafunguka mkononi. Akashika la pili. Nalo likafunguka.

"Nani kafunga hivi?" aliuliza.

Wote wakatazama chini.

Akakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, akavuta fito yote ya katikati ikaanguka, akatazama juu kuyapima mawingu.

"Tunaanza upya," alisema. "Kundaeli, shika huku."